Je, Mungu amenisahau, au imani yangu ndiyo iliyopungua?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda, nauza mukene (dagaa) na nyanya sokoni. Mume wangu alikuwa turniboi (msaidizi wa dereva) wa malori, akafariki ajalini mwaka juzi. Mtoto wangu wa pili ana miaka saba na ana sikoseli (selimundu), ugonjwa wa damu. Mwezi uliopita alilazwa tena, nikakopa kwenye kikundi chetu cha akiba, na sasa siku ya kulipa imefika sina kitu. Nimeomba, nimefunga, nimekesha. Kiongozi wa nyumba ya maombi ninayokwenda Ijumaa ameniambia imani yangu ni ndogo, nipande mbegu ya shilingi laki tano kama mjane wa Sarepta, na kwamba vidonge vya mtoto ni dalili ya kutomwamini Mungu. Shemeji zangu wao wanasema ni laana ya ukoo wetu. Jumapili naimba kwenye kwaya kwamba Mungu ni mwaminifu, na moyoni naona nadanganya watu. Nikipiga magoti maneno hayaji. Usingizi umekwisha. Je, Mungu amenisahau? Au imani yangu ndiyo iliyopungua? Niache kwaya?

JIBU: Dada yangu, Bwana asifiwe, na pole. Pole ya mume, pole ya mtoto, pole ya deni.

Nianze na lile lisiloweza kungoja. Vidonge vya mtoto usiviache hata siku moja. Kama ulishaviacha, kesho asubuhi mrudishe kliniki, uwaeleze ukweli wote; hutakuwa mzazi wa kwanza kufika na habari hiyo. Na mtoto wa sikoseli akipata homa, homa hiyo si ya kukesha nayo kwenye mkesha. Ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, nawe ukiomba juu ya bodaboda njia nzima. Haya mengine tunaweza kuyazungumza taratibu.

Katika barua yako nimeona maswali mawili yamefungwa fundo moja. La kwanza linamhusu Mungu: yuko wapi? La pili linakuhusu wewe: nimekosea wapi? Hili la pili umepewa na watu. Kiongozi wa maombi anasema kosa ni imani, shemeji zako wanasema kosa ni ukoo, lakini tazama walivyokubaliana: kwa wote, chanzo cha matatizo ni wewe. Ukishalimeza hilo, unaanza kujikagua usiku kucha, unatafuta dhambi uliyosahau kuungama, na kila mtoto akilia kwa maumivu unasikia hukumu. Haishangazi kwamba hulali.

Sasa, unapoimba kwamba Mungu ni mwaminifu, uaminifu unaouimba ni wa nani? Si wako. Paulo akimwandikia Timotheo, naye Paulo mwenyewe yuko kifungoni akingoja kuuawa, anasema: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Uaminifu wa Mungu haupandi wala kushuka kwa kufuata hali ya moyo wako saa tisa za usiku. Yule baba wa kwenye Marko 9 alimleta mtoto mgonjwa kwa Yesu na imani ambayo yeye mwenyewe alikiri ina mapengo: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia aende nyumbani akarudi ikishatimia. Alimponya mtoto na imani ya baba ikiwa vilevile nusu.

Tuje kwa mjane wa Sarepta, kwa kuwa amekuwa akitumiwa sana kukamua wajane wa Uganda. Fungua 1 Wafalme 17 uisome yote, usiishie pale wahubiri wengi wanapoishia. Ni kweli Eliya alimwambia ampe mkate kwanza. Alichokiomba kilikuwa chakula cha siku ile, wakati wa njaa, naye mwenyewe akabaki akila chakula kilekile nyumbani kwa mjane; hakuondoka na unga. Halafu endelea mstari wa 17. Baada ya muujiza, baada ya unga kutopungua na mafuta kutokwisha, mtoto wa yule mama anaugua na kufa. Mwanamke aliyetii, aliyetoa, aliyeona muujiza kila asubuhi ndani ya pipa lake! Na neno linalomtoka kinywani ni hilohilo lililokutoka wewe: anamuuliza nabii kama amekuja kumkumbushia dhambi yake na kumuua mwanawe.

Angalia Eliya anafanya nini. Hamwambii kwamba imani yake ni ndogo. Hamwambii aongeze sadaka. Anamchukua mtoto kifuani mwa mama, anapanda naye chumba cha juu, anamlaza kitandani pake, na anamlilia Mungu akimhoji kwa nini amemletea mabaya mjane aliyemkaribisha. Nabii anachukua malalamiko ya mama na kuyafanya yake. Ndivyo mtumishi wa Mungu anavyotakiwa kusimama na mjane. Anayesimama upande wa pili akinyosha mkono apewe laki tano, Yesu alishamsema katika Marko 12: watu wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Na ni mara tu baada ya maneno hayo ndipo mjane maskini anatokea na senti zake mbili. Sisi wahubiri tumezoea kuikata habari hiyo katikati, tukaanza kuisoma pale sadaka inapotolewa.

Sisemi sadaka ni mbaya. Toa ulicho nacho, kwa hiari, kwa furaha, hata kama ni nyanya tatu. Ninachokataa ni ule mpango wa kumgeuza Mungu wakala wa mobile money: weka, subiri meseji, kisha toa. Laki tano yako ina kazi tatu zinazoisubiri tayari, yaani deni, dawa na karo, na zote tatu ni ibada.

Utauliza: mbona kuna watu wanashuhudia kwamba walipanda mbegu na mtoto akapona? Hapa vumilia nikueleze kidogo mambo ya mwili, maana nimekaa miaka mingi na wazazi kwenye wodi za watoto na nimeona jinsi udanganyifu huu unavyofanya kazi, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Katika sikoseli, chembe nyekundu za damu hukakamaa na kujikunja, zikaziba mishipa midogo, ndipo mtoto anapata yale maumivu ya mifupa. Maumivu hayo huja kwa vipindi na kuondoka. Hakuna anayepeleka mtoto kuombewa siku anayocheza mpira. Anapelekwa siku maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele hali huelekea kutulia, awe ameombewa au hakuombewa.

Dawa nazo zina hila yake. Hukutaja majina ya vidonge, lakini watoto wengi wa sikoseli hapa kwetu hupewa foliki asidi, kinga ya malaria, penisilini wakiwa wadogo, na wengine haidroksiurea, dawa ya kupunguza vile vipindi vya maumivu. Haidroksiurea ukiiacha leo, mtoto haanguki kesho. Nguvu yake huisha polepole katika majuma yanayofuata. Kwa hiyo mama anaacha dawa, juma la kwanza mtoto mzima, la pili mzima, anapewa kipaza sauti ashuhudie. Miezi miwili baadaye mtoto amelazwa anaongezwa damu, na hakuna anayempelekea mama kipaza sauti wodini. Ndiyo maana kanisani tunasikia shuhuda nyingi za aina moja tu.

Na hizi dawa si mambo ya kubahatisha. Mbale, si mbali na kwako, ni moja ya sehemu nne ambako haidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika. Nyingine ni Kilifi, Kinshasa na Luanda. Walikuwa watoto zaidi ya 600, na matokeo yalipochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezwa damu kumepungua, malaria imepungua, na hata vifo vimepungua. Muulize daktari kama mtoto wako anaihitaji. Mimi naamini Mungu huponya, na huwa naweka mikono juu ya wagonjwa na kuomba wapone. Lakini Paulo huyohuyo ambaye leso zake ziliponya watu Efeso alimwacha rafiki yake Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na Timotheo alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia amekosa imani.

Kuhusu laana ya ukoo sitachukua muda mrefu. Sikoseli hairithiwi kwa mzazi mmoja. Lazima baba na mama wote wawe wamebeba jeni hiyo, na hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kama shemeji zako wanataka kuzungumza habari za ukoo, basi ni koo mbili, na wao wamo. Uchunguzi wa nchi nzima uliotangazwa karibu miaka kumi iliyopita ulikuta watoto wachanga 13 hivi kati ya 100 wameibeba, na sababu yake inajulikana: aliyebeba jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea kwenye nchi za mbu kama zetu. Wapeleke na hao watoto wengine wawili wapimwe, ili siku ya kuoa na kuolewa wajue. Nabii Ezekieli, sura ya 18, alishawakataza watu ile methali ya baba kula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Tuliache hapo.

Sasa nirudi kwa lile swali la kwanza, lililo gumu zaidi. Kama kosa si lako, basi Mungu yuko wapi?

Sitakupa sababu ya kifo cha mume wako. Atakayekuja msibani au wodini na sababu mfukoni, msikilize kwa adabu, kisha usiibebe. Marafiki wa Ayubu walikuja na sababu sura baada ya sura, na mwishoni Mungu akawaambia hawakusema yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyosema. Ayubu, ambaye alikuwa amepiga kelele na kumshitaki. Usikubali pia kauli kwamba Mungu hampi mtu mzigo unaomzidi nguvu. Paulo, katika 2 Wakorintho 1, anasema kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Umelemewa kupita nguvu zako. Ni ukweli, na Biblia haikatazi kuusema.

Kuna sura moja ninayoisoma mara nyingi na wafiwa, Matendo 12. Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, anamuua kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, na malaika anamtoa gerezani usiku. Kanisa ni lilelile, mji uleule, majuma yaleyale. Mama yao Yakobo, kama alikuwa bado hai, alisikia siku moja nderemo kwenye nyumba ya Mariamu kwamba Petro ametoka. Luka haelezi kwa nini mmoja alikufa na mwingine akatolewa. Hasemi Yakobo aliombewa kidogo. Anaandika yote mawili, na anaendelea na safari.

Sisi wa Uganda tunalo letu la namna hiyo. Kila Februari 16, tangu 2015, nchi nzima inapumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda (Anglikana), aliyeuawa siku hiyo mwaka 1977 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ya Amin ikatangaza ajali ya gari. Ulikuwa mwaka wa Kanisa la Uganda kuadhimisha miaka mia moja. Je, tuseme imani ya Luwum ilikuwa ndogo? Tuseme Mungu alikuwa mwaminifu kwa waliovuka mpaka kukimbia, na kwa aliyebaki hakuwa? Hakuna Mkristo hapa nchini anayethubutu kusema hivyo Namugongo kwenye kumbukumbu ya mashahidi wa Uganda, wala Mucwini alikozikwa Luwum. Lakini maneno hayohayo tunamwambia mama muuza mukene bila kusita. Vijana wale watatu wa tanuru la moto waliweka jambo hili wazi mbele ya mfalme: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", hata hivyo hatutaiabudu sanamu. Imani yao ilikuwa na nafasi ya "kama si hivyo" ndani yake tangu mwanzo.

Ule wimbo unaokusumbua kwaya, maneno yake yana asili katika Maombolezo 3: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Tumeyaandika kwenye kalenda, kwenye matatu, kwenye kanga. Lakini aliyeyasema hakuwa kwenye harusi. Wababeli walikuwa wamebomoa Yerusalemu, watoto wamekufa njaa barabarani, na mistari michache tu kabla ya hapo mtu huyuhuyu analalamika kwamba hata akilia na kuomba, Mungu anayakataa maombi yake. Kitabu kina sura tano. Tamko hili liko katikati kabisa, na baada yake maombolezo yanaanza upya, hadi mstari wa mwisho ambapo anamuuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Kitabu kinafungwa hapo, na swali mkononi.

Kwa hiyo mwenye kulia na kusema "uaminifu wako ni mkuu" katika pumzi moja si mnafiki. Ndivyo maneno hayo yalivyozaliwa. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye, na bado anamtarajia. Aliyekata tamaa kabisa hana wa kumlalamikia. Ukikosa maneno yako, tumia ya kuazima. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, "Ee BWANA, hata lini", ni mistari sita tu. Siku mbaya zaidi soma ya 88, inayoishia gizani bila hata neno moja la faraja, na bado imewekwa kwenye kitabu cha ibada. Siku ambayo hata kusoma huwezi, kaa tu. Mifungo acha kwa sasa. Mtu asiyelala, anayebeba beseni la mukene jua lote, hana haja ya kufunga. Ana haja ya kula.

Na uaminifu wa Mungu usiutafute juu tu. Katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaambia waongeze imani. Waliteua watu saba washughulikie chakula. Maana yake kanisa lako lina wajibu kwako, na pengine halijui hali yako kwa sababu kila Jumapili linakuona umevaa joho la kwaya unatabasamu. Mwendee mchungaji wako, au mama wa Umoja wa Mama unayemwamini, umwambie mambo matatu kwa majina: deni ni kiasi gani, dawa ni kiasi gani, karo ni kiasi gani. Kuhusu kikundi cha akiba, nenda kwa mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, si baada. Mkopaji anayefika mapema na elfu ishirini mkononi na ombi la kuongezewa muda husikilizwa tofauti na anayejificha. Sikuahidi kwamba watakubali. Nyumba ya maombi ya Ijumaa, mimi ningeiacha. Huhitaji kugombana na mtu. Ijumaa ni siku nzuri ya soko.

Limebaki jambo la usingizi. Huzuni ya mfiwa ina haki yake na haina tarehe ya mwisho. Lakini kama kwa zaidi ya majuma mawili hulali, chakula hakipiti, kitu chochote hakikupi raha, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Moja ya dalili zake ni hiyo ya kuona Mungu yuko mbali na maneno ya sala hayaji. Waeleze kwenye kituo cha afya siku unapompeleka mtoto kliniki. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na dawa na ushauri vipo. Ukianza kuwaza kwamba heri ungekufa, au kwamba watoto wangekuwa heri bila wewe, usisubiri siku ya kliniki wala jibu langu. Mwamshe jirani, mwambie maneno hayo kama yalivyo, akupeleke hospitali usiku huohuo na asikuache peke yako.

Kwaya usiache. Ukifika kwenye ubeti usioweza kuutamka, nyamaza, wenzako watauimba, na wewe ingia tena pale utakapoweza. Na mwombe mwalimu wa kwaya asikupe kuongoza wimbo kwa miezi hii. Akikuuliza sababu, mwambie.